Acheni kubandika (int) kila kompaila inapolalamika!

Wakuu mnaoandika C, uvumilivu umeniisha. Kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) inaonya kwamba thamani ya biti 64 inabanwa kwenye biti 32, mtu anabandika `(int)` mbele (kasti, yaani kulazimisha thamani iwe ya aina nyingine), onyo linatoweka, kisha anajisifu kuwa karekebisha. Karekebisha nini? Hitilafu iko palepale. Tena sasa hata `-Wconversion`, chaguo la kompaila la kuonya thamani zinapogeuzwa aina, haiioni, maana ukishaweka kasti kwa mkono wako inachukulia umekusudia.

Inayotuua zaidi ni `long`, aina ya namba kamili. Kwenye Linux ya biti 64 ni baiti 8. Kwenye Windows ya biti 64 ni baiti 4, na pointa (anwani ya mahali kwenye kumbukumbu) kote ni baiti 8. Halafu kuna bingwa anayehifadhi pointa ndani ya `long`. Kwake Linux inakwenda vizuri, ikifika Windows nusu ya juu ya anwani inakatwa. Na haifi papo hapo! Anwani zikiwa chini ya GB 4 kila kitu kinaonekana kizima, mpaka siku kumbukumbu itakapogawiwa juu ya hapo, programu ianguke sehemu isiyohusika kabisa. Pointa ikilazimika kuwa namba, weka `uintptr_t`. Ukubwa wa bafa (eneo la kumbukumbu la kuwekea data) ni `size_t`. Data ya faili au mtandao ni `uint32_t`, `int64_t` na wenzake. `<stdint.h>` ipo tangu C99, jamani, yaani 1999!

Wale wa kutafuta na kubadilisha nao wana kesi. Wanageuza `long` zote kuwa `int64_t` kwa amri moja, `printf` za kuchapisha wanaziacha na `%ld`, alama ya `long`. Kwenye x86 (prosesa za Intel na AMD) ya biti 32, `printf` inachukua baiti 4 za hoja yenye 8, na zote zinazofuata zinasomwa vibaya. Ikifuata `%s` ya maandishi, ndiyo imekula kwako. Andika `"%" PRId64` kutoka `<inttypes.h>`, na `%zu` kwa `size_t`.

Na hii ya kusoma mpaka EOF (alama ya mwisho wa faili, kwa kawaida -1) bado naikuta:

`char c; while ((c = getchar()) != EOF)`

Kwenye x86 `char` kwa kawaida inabeba hasi, kwa hiyo kitanzi kinaisha (ingawa baiti 0xFF katikati ya faili inakikata kabla ya wakati). Kwenye Linux ya ARM (prosesa za simu nyingi) `char` haibebi hasi: -1 inageuka 255, hailingani na EOF milele, kitanzi kinazunguka tu. Dawa ni `int c`. Kuficha kwa `-fsigned-char`, inayolazimisha `char` ibebe hasi, kunairudisha ile ya 0xFF.

Kumwaga struct (kundi la data za aina tofauti) nzima kwenye faili kwa `fwrite` sina hata hamu ya kueleza. `uint8_t` ikifuatwa na `uint32_t` kwa kawaida si baiti 5, ni 8, kwa sababu ya baiti 3 za kujazia. Ukiibana kwa `packed`, inayoondoa baiti za kujazia, mpangilio wa baiti bado unabaki wa mashine yako. Andika baiti moja moja: `b[0] = v & 0xFF; b[1] = (v >> 8) & 0xFF;` na kuendelea.

Kabla hujatuma marekebisho, jenga kwa `-Wall -Wextra -Wconversion`, rudia kwa `-m32` (biti 32), kisha kwa `-funsigned-char` (`char` isiyobeba hasi), na kila mara endesha majaribio yote. Kelele za `-Wconversion` ni nyingi, najua, zisome. Kasti isiyo na maelezo ya kwa nini thamani inatosha, mimi siipitishi.