Viti 140 na daftari moja: nichague programu gani ya kuuzia tiketi?

MamaJukwaa

Habari zenu wadau. Naomba ushauri wa waliowahi kuuza tiketi za matukio madogo mtandaoni.

Tuna kikundi cha maigizo. Tunaonyesha mara nne kwa mwaka kwenye ukumbi wa viti 140, vyote vina namba. Hadi leo tunauza kwa ujumbe wa simu: mtu anaandika, analipa, mimi namwingiza kwenye daftari na kumtumia namba ya kiti. Onyesho lililopita kiti C7 nilikiuza mara mbili. Ujumbe uliingia nikiwa kwenye mazoezi, nikajibu, nikasahau kuandika. Siku yenyewe wakafika wawili, kila mmoja na ujumbe wangu mkononi. Mmoja alikuwa bibi aliyekuja kumwona mjukuu wake jukwaani. Aliangalia onyesho zima kwenye kiti cha plastiki tulichomwekea njiani. Jambo hilo bado linaniuma.

Nimesoma kuhusu Eventbrite, Ticket Tailor, Humanitix na pretix. Zote zinajisifu kuwa rahisi na nafuu. Tiketi zetu ni za bei ya chini, fundi wa kompyuta hatuna, na ukumbi tunaulipia wiki mbili kabla ya onyesho. Mlangoni wanakaa watu wawili wa kujitolea, na simu zao wenyewe. Mngekuwa mimi mngeanzia wapi?

pazia_jekundu

Dada, anza na Eventbrite usijisumbue. Ipo tangu 2006, watu wengi wana akaunti tayari, na wapo wanaoingia humo kutafuta tu pa kwenda mwisho wa wiki. Sisi tumepata watazamaji ambao hawakuwa wamewahi kutusikia.

mlinda_mlango

Kuhusu wageni wapya Pazia amesema kweli. Lakini dada ametaja ukumbi unaolipiwa wiki mbili kabla, na mimi ningeanzia hapo: pesa ya tiketi inakaa kwa nani kabla ya onyesho? Eventbrite kwa kawaida hukutumia pesa baada ya tukio kupita. Ticket Tailor yenyewe haishiki pesa, unaiunganisha na akaunti yako kwenye kampuni ya malipo kama Stripe au PayPal, na malipo yanaingia huko kadiri watu wanavyonunua. Kwako hiyo ni tofauti ya kulipa ukumbi kwa pesa ya watazamaji au kwa kukopa. Ila ukishika pesa mapema, onyesho likiahirishwa wewe ndiye unayewarudishia watu, na ada ya muamala mara nyingi hairudi. Nakusihi usiitumie yote.

La pili ni ada. Usiangalie asilimia peke yake, angalia na kile kiasi kisichobadilika kinachotozwa juu ya kila tiketi. Chukua namba za mfano: asilimia 5 na 1 juu yake. Tiketi ya 100 inakatwa 6. Tiketi ya 10 inakatwa 1.5, yaani asilimia 15! Wauza tiketi za bei ya chini ndio wanaoumia hapo, na matangazo hayawaambii. Kaa na bei yako halisi, piga hesabu ya tiketi moja kwa kila programu, uweke na ada ya kampuni ya malipo, kwa sababu hiyo mara nyingi hutajwa pembeni. Kisha amua kama utaibeba wewe au mnunuzi. Akibeba mnunuzi, aione tangu mwanzo. Mtu akikuta bei imepanda kwenye hatua ya mwisho anafunga ukurasa.

Sasa mlangoni, maana huko ndiko nilikokaa miaka mingi. Usiku mmoja tulikuwa na milango miwili na simu mbili, mtandao ukakatika foleni ikiwa ndefu. Programu yetu iliweza kuskani, yaani kusoma msimbo wa tiketi kwa kamera ya simu, bila mtandao, tukashukuru Mungu. Kumbe kila simu ilibaki na orodha yake. Ya mlango wa kushoto haikujua ya kulia imemruhusu nani. Kijana mmoja alikuwa amenunua tiketi moja na kumtumia mwenzake picha ya skrini. Mmoja akapita kushoto, mwingine kulia, na simu zote mbili zikaonyesha kijani. Tulijua mtandao uliporudi na orodha mbili zikakutana, na wakati huo taa za ukumbi zilishazimwa.

Tangu siku hiyo nagawa milango kwa safu. A hadi F kushoto, zilizobaki kulia, na mwenye safu isiyo yako humskani, unamwelekeza upande wake. Wewe una viti vya namba, kwa hiyo ni rahisi. Kwa watu 140 hata mlango mmoja unatosha: mmoja anaskani, mwingine anashika orodha iliyochapishwa mchana wa siku hiyo kwa mpangilio wa majina. Karatasi haiishiwi chaji.

Na simu ya mtazamaji ikigoma kusomeka, usikimbilie kulaumu kioo kilichopasuka. Msimbo wa QR uliundwa Japani mwaka 1994 kwa ajili ya viwandani, unavumilia uchafu na mikwaruzo. Ukitengenezwa kwa ngazi ya juu kabisa ya kurekebisha makosa husomeka hata kama karibu asilimia 30 yake imeharibika. Mara nyingi tatizo ni mwanga wa skrini uliopunguzwa. Mwambie aongeze mwanga, utaona.

seva_usiku

Naongezea kuhusu pretix, kwa sababu wengi huikimbilia wakisikia ni ya bure. Ni programu nzuri sana, ya chanzo huria (yeyote anaweza kuichukua na kuiweka kwenye kompyuta yake), inatoka Ujerumani, na programu yake ya kuskani inafanya kazi bila mtandao. Naiendesha kwenye seva yangu na sijutii. Lakini dada amesema hana fundi. Ukiiweka mwenyewe, masasisho ni yako, nakala za akiba ni zako, na barua pepe za tiketi zikianza kuangukia kwenye taka, wa kuhangaika usiku ni wewe. Pia ramani ya viti haimo kwenye toleo la bure la kujiwekea, na kwako ramani ya viti ndiyo shida yenyewe. Ukiipenda, lipia ile wanayokuendeshea wao.

Humanitix nayo iangalie: ni shirika lisilo la faida lililoanzia Australia, na faida ya ada inakwenda kwenye misaada. Hakikisha kwanza kwamba inapokea malipo mahali ulipo. Swali hilo liulize kwa kila programu kabla hujajaza hata fomu moja, maana kampuni za malipo haziko kila nchi.

mlinda_mlango

Kweli kabisa. Na kabla hujachagua, fanya jaribio la C7. Fungua onyesho la majaribio, chukua simu mbili, bonyeza kiti kimoja kwa pamoja. Programu nzuri inakishikilia kwa dakika kadhaa kwa aliyetangulia, wa pili anaambiwa kimeshachukuliwa. Ikiwakubali wote wawili hadi kwenye malipo, achana nayo, hata iwe ya bure.

MamaJukwaa

Wadau, nawashukuru sana. Nimejaribu mbili jana jioni. Kwenye ya kwanza C7 ilikataa mnunuzi wa pili papo hapo, nikafurahi kama mtoto. Ya pili haina ramani ya viti kwenye mpango wa bei ninayoimudu, nimeiacha.

Halafu nikampa shangazi yangu simu yake mwenyewe anunue bila msaada. Kuchagua kiti na kulipa aliweza. Tiketi ikaenda kwenye barua pepe aliyofunguliwa na mwanawe, na neno la siri halijui. Watazamaji wetu wengi ni wa umri wake. Hapo mnafanyaje?

mlinda_mlango

Mruhusu aingie kwa jina. Kwenye programu ya kuskani tafuta sehemu ya kutafuta jina na uwafundishe vijana wako kuitumia kabla ya siku. Anataja jina na kiti, wanambonyeza kuwa ameingia, basi. Na kwenye fomu ya kununua ongeza swali moja la namba ya simu, ili asubuhi ya onyesho uwatumie watu kama shangazi ujumbe mfupi wenye namba ya kiti. Orodha hiyo ujaribu kuitoa sasa hivi, kama faili la jedwali. Programu isiyokupa orodha ya wanunuzi wako usiichukue.