Naomba ushauri: Mazda Roadster ya 1999 inaingiza maji

Habari zenu wakuu. Nipo Raskazone, Tanga. Mwezi uliopita nilinunua Mazda Roadster ya 1999, injini 1.8, paa la turubai, kilomita 94,000. Naipenda sana hii gari.

Tangu mvua zianze, zulia upande wa dereva linalowa. Nimezibua matundu ya kutolea maji nyuma ya viti, yalijaa majani na udongo. Maji yamepungua ila hayajakoma. Chini ya mlango, karibu na tairi la nyuma, rangi imevimba, na kwa chumvi ya huku pwani naogopa kutu imeshakula ndani.

Je, nikate na kuchomelea bati jipya, au kukwangua na kupaka rangi ya kuzuia kutu kunatosha? Pia aliyeniuzia hajui kama mkanda wa taimingi (ule unaozungusha vali za injini kwa mpangilio) umewahi kubadilishwa: nibadilishe sasa pamoja na pampu ya maji, au nisubiri gari ifike kilomita 100,000?