Abiria hawaulizwi chanjo, sisi wafanyakazi tunalazimishwa. Ni haki?

Nambi wa Walukuba

Habari zenu wote. Naandika kutoka Jinja. Nimesomea mambo ya hoteli, na nimefanya kazi jikoni na vyumbani katika hoteli moja hapa kando ya mto. Sasa kuna ajenti wa Mombasa amenipatia nafasi ya kuhudumia vyumba kwenye meli ya watalii, mkataba wa miezi tisa. Barua yenyewe ninayo mkononi. Wanataka cheti cha daktari, kadi ya homa ya manjano, chanjo ya surua, ya tetekuwanga na ya korona. Chini yake kuna sentensi kwamba mfanyakazi atavaa barakoa wakati wowote nahodha atakapoagiza.

Nikaingia kwenye tovuti ya kampuni hiyohiyo, upande wa abiria. Huko hakuna tena anayeulizwa chanjo ya korona. Analipa, anapanda. Mimi nitakayemtandikia kitanda ndiye wa kuonyesha kadi. Mama anashikilia kwamba sindano hiyo itanifunga kizazi, na mchungaji wetu amemuunga mkono. Mimi mwenyewe siogopi sindano. Kinachonikera ni kuona mwenye pesa anaachwa na mwenye shida anabanwa.

Mliowahi kufanya kazi baharini, mnasemaje? Nikubali tu, au niwaandikie barua ya kupinga?

Mjomba wa Gulu

Dada, usikubali kirahisi. Kumbuka omicron, ile aina mpya ya korona, ilivyoingia mwisho wa 2021. Meli zilijaa watu waliochanjwa na bado ugonjwa ulizunguka humo, mpaka tarehe 30 Desemba CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kikawaambia watu waepuke safari za meli za kitalii hata kama wamechanjwa. Kama ndivyo ilivyokuwa wakati ule, kadi yako leo inamlinda nani?

Na hapa kwetu nasi tulionja. Mwanzoni mwa 2022 ulipelekwa bungeni muswada wa kurekebisha Sheria ya Afya ya Umma, asiyechanjwa atozwe faini ya shilingi milioni 4 au afungwe miezi sita. Watu walipiga kelele nchi nzima, na walikuwa na haki. Mwili ni wako.

Dobi wa Busia

Nambi mwanangu, nimefanya kazi ya dobi kwenye meli za watalii miaka mingi, sasa nimerudi nyumbani Busia. Nitakujibu kwa urefu, maana jambo hili linaniuma.

Kwanza ujue utalala wapi. Abiria ana dirisha, mwingine ana roshani. Wewe utashuka ngazi za chuma mpaka sitaha za chini, karibu na usawa wa maji. Chumba hakina dirisha. Vitanda viwili vimepandana, kila kimoja na pazia lake, choo na bafu mnachangia. Asubuhi wote mnapanga foleni kwenye chumba kimoja cha chakula, kijiko cha kupakulia wali kinapita mkono hadi mkono. Abiria anashuka baada ya wiki moja na wapya wanapanda siku hiyohiyo. Wewe unabaki, na kila walichoacha hewani unabaki nacho.

Itazame Diamond Princess, meli ya watalii iliyofungiwa bandari ya Yokohama, Japani, Februari 2020. Ilikuwa na watu 3,711, na 712 wakakutwa na korona, 145 kati yao wafanyakazi. Abiria waliamriwa wakae vyumbani. Wafanyakazi wakaendelea kupika na kupeleka sahani milangoni. Wachunguzi walipowafuatilia wafanyakazi 20 wa kwanza kuthibitishwa, walikuta 15 ni wa idara ya chakula, na 16 wanalala sitaha moja, ya tatu. Ugonjwa ulikuwa ukitembea vyumbani mwao wenyewe, kitanda cha juu na kitanda cha chini. Tena karibu nusu ya wale 712 hawakuwa na dalili yoyote siku waliyopimwa. Usingojee mtu akohoe ndipo uvae barakoa.

Machi 2020 mimi nilikuwa baharini. Bandari zilitukataa moja baada ya nyingine. Abiria walitafutiwa ndege za kukodi wakaenda kwao. Sisi tulibaki na meli tupu. Uwanja wa Entebbe ulifungwa kwa abiria mwezi huo na haukufunguliwa mpaka tarehe 1 Oktoba, kwa hiyo Mganda hata angeruhusiwa kushuka, hakuwa na ndege ya kumleta. Mkataba wangu uliisha nikiwa humohumo, mshahara ukakatwa, ikabaki chakula na kitanda. Sikuwa peke yangu. Kufikia mwisho wa mwaka ule Shirika la Kimataifa la Bahari lilikadiria mabaharia 400,000 wamekwama melini kupita muda wa mikataba yao. Usiku tulikuwa tunakaa kwenye sitaha ya nyuma na Wafilipino na Wahindi, kila mtu anatafuta mtandao wa simu, watu wazima wanalia.

Sasa swali lako, kwa nini abiria ameachwa. Ameachwa kwa sababu alikuwa na wa kumsemea. Marekani, kupitia CDC, iliruhusu meli zisafiri tena kwa masharti, na meli ambayo abiria 95 kati ya kila 100 wamechanjwa, na wafanyakazi 98 kati ya 100, haikulazimika kufanya kwanza safari za majaribio. Jimbo la Florida likaenda mahakamani, na Juni 2021 Jaji Steven Merryday akalipatia ushindi dhidi ya CDC. Mwezi mmoja kabla, gavana Ron DeSantis alikuwa ametia saini sheria ya kutoza biashara hadi dola 5,000 kwa kila mteja atakayedaiwa kuonyesha cheti cha chanjo. Kampuni ya meli za watalii ya Norwegian ikaishtaki Florida, ikashinda kwa muda Agosti mwaka huohuo. Oktoba 2022 mahakama ya rufaa ikaipa Florida ushindi, na kampuni yenyewe ilikuwa imeshaacha kudai chanjo. Sheria ile ilisema mteja. Mtu wa kutandika kitanda hakutajwa. Magavana, majaji na wanasheria wamegombana miaka miwili juu ya uhuru wa anayeogelea kwenye bwawa la sitaha ya juu, na wa sitaha ya chini hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo hasira yako ni ya haki kabisa. Ninachokataa ni kuielekeza kwenye sindano.

Mjomba wa Gulu, umesema kweli kuhusu omicron, iliwapata hata waliochanjwa. Lakini mimi nilikuwa kwenye dobi nyakati zote mbili. Shuka za chumba cha mgonjwa huletwa kwenye mifuko myekundu, haifunguliwi ovyo, unaisukuma mashineni na glavu. Mara ya kwanza, mifuko ilipokuja, nyuma yake kulikuwa na watu wanaopelekwa hospitali, na wawili niliofanya nao kazi hawakurudi. Wakati wa omicron mifuko ilikuwa mingi zaidi, na wenye shuka zile walikaa siku chache vyumbani wakarudi kazini. Mtu mzima asitake nimweleze tofauti ya hayo mawili.

Barakoa nayo, nitasema wazi: kwenye dobi inachosha. Mashine za kukaushia zinatoa joto, barakoa inalowa jasho, inakubana pumzi. Tulipewa moja kwa zamu nzima. Hapo ndipo pa kuwabana wakubwa: barakoa mpya ikishalowa, na dakika za kupumzika mahali penye hewa. Sentensi ya mkataba inayosema utavaa nahodha akiagiza, iongezwe kwamba kampuni inazitoa bure na za kutosha.

Mambo mawili nataka utuambie. Mkataba unasemaje ukiugua? Na huyo ajenti amekuomba pesa?

Muuguzi wa Bombo

Nambi binti yangu, mwambie mama maneno haya kwa heshima, na ukiweza mnipigie pamoja. Chanjo ya korona haifungi kizazi. Nimewapokea wodini akina mama waliochanjwa hapa kwetu tangu Machi 2021, dawa za kwanza za AstraZeneca zilipofika, kisha wakapata mimba na kujifungua salama.

Kadi ya homa ya manjano usiione kama jambo geni. Taasisi ya Entebbe ya kuchunguza virusi ilianzishwa 1936 kwa ajili ya ugonjwa huohuo. Sisi tunatoka ukanda wenye homa ya manjano, kwa hiyo bandari nyingi zitakuuliza wewe Mganda hata kama Mfilipino mwenzako haulizwi. Chanja mapema, kadi huanza kuhesabiwa siku ya kumi baada ya sindano. Tangu 2016 moja inatosha maisha yote, kwa hiyo asikudanganye mtu urudie kila miaka kumi.

Surua usiidharau. Mwaka 2019 meli iitwayo Freewinds iliwekwa karantini Saint Lucia na watu karibu mia tatu ndani, kisa mfanyakazi mmoja mwenye surua. Jambo la kuzingatia kliniki: chanjo za surua, tetekuwanga na homa ya manjano zote zina virusi hai vilivyodhoofishwa. Zitolewe siku moja, au zipishane wiki nne. Na kabla ya zote hakikisha huna mimba. Watu wengi wanakosea hapo kwa sababu ya haraka ya safari.

Dereva wa Malaba

Mimi si wa bahari, ni wa lori. Januari 2022 Uganda ilituambia kila dereva apimwe korona mpakani na alipe dola 30, hata mwenye cheti cha Kenya. Tukaegesha. Foleni ya malori ikaenda kilomita nyingi ndani ya Kenya, mafuta yakapanda bei Kampala. Nawaambia wale madereva niliolala nao barabarani hawakuwa wanakataa kupimwa. Tulikuwa tumeshapimwa mara ngapi! Tulikataa kulipishwa. Serikali ilipoondoa ile ada, tuliwasha magari. Dobi anasema kweli, uliza nani analipa.

Nambi wa Walukuba

Asanteni sana wazee wangu. Shangazi muuguzi, nitakupigia Jumapili mama akitoka kanisani.

Dobi, nimeusoma mkataba tena usiku. Kuhusu ugonjwa wameandika hivi: mfanyakazi atakayeshushwa kwa sababu za kiafya, malipo yake yanakoma siku ya kushuka. Ajenti ameomba dola 600 za kushika nafasi, na gharama za viza juu yangu. Chanjo zote pia juu yangu. Bendera ya meli ni ya Bahamas, yaani imesajiliwa huko.

Dobi wa Busia

Dola 600 usilipe hata senti. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Bahari wa 2006 unakataza baharia kutozwa pesa ili apate kazi, na Bahamas imeuridhia. Ya kwako wewe kulipa ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni ya mwenye meli.

Kuhusu kuugua, mkataba huohuo wa 2006 unamtaka mwenye meli akulipe mshahara kamili ukiwa bado melini au hujarudishwa nyumbani. Baada ya hapo akulipe wote au sehemu, kwa jinsi sheria ya nchi inavyosema, mpaka upone, na kikomo chake kisipungue wiki 16 tangu siku ulipougua. Hiyo sentensi yao ya malipo kukoma siku ya kushuka inapingana na hayo. Wakati wa korona watu walishushwa na homa wakarudi kwao mikono mitupu, kwa sababu ya sentensi kama hiyo.

Barua iandike, tena uiandikie kampuni moja kwa moja, nakala kwa ajenti. Sema unakubali chanjo zote na barakoa. Halafu udai vitu vinne: gharama ya chanjo wanazozitaka warudishe kwenye mshahara wa kwanza, barakoa watoe wao, ukiwekwa karantini melini mshahara uendelee, na kifungu cha ugonjwa kiandikwe upya kulingana na mkataba wa 2006. Ongeza pia kwamba mkataba ukiisha na bandari zimefungwa, siku za ziada zilipwe. Hilo mimi sikulidai, kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba dunia nzima ingefunga milango.

Wakikujibu kwa maandishi, hiyo ni kampuni ya kufanya nayo kazi. Ajenti akianza kukuharakisha na kusema nafasi itachukuliwa na mwingine, mwache aichukue huyo mwingine. Nitumie rasimu kabla hujaipeleka, nitaisoma leo jioni.