Wakala katulisha matango pori: safari ya Ureno, treni iliyokufa 2020 na machweo ya Santorini

Wakuu, habari za jioni. Wasimamizi, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za matapeli wa viza. Wale huingia mitini na kubadili namba. Huyu wangu hajakimbia. Ofisi anayo, kiti cha kuzunguka anacho, kiyoyozi kinapuliza, meseji zangu anazisoma mpaka tiki zinakuwa za buluu. Hajibu tu. Ndicho kinachonifanya nifure.

Tuko wanawake watano kwenye kikoba kimoja hapa Dar. Januari mwaka jana tukakubaliana kuanzisha mfuko wa pembeni wa kutembea, maana kila mwaka tunagawana hela zinaishia kwenye vitenge na ada za watoto. Mmoja ana duka Kariakoo, wawili ni walimu, mmoja muuguzi, mimi ni mhasibu. Swali la kwenda wapi lilichukua wiki tatu. Wenzangu walitaka Dubai. Mimi ndiye niliyewabadilisha mawazo, kwa hiyo lawama zote sasa ziko kwangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Masoko. Babu yangu alikuwa na mashua, akivusha watu kwenda Kilwa Kisiwani, na sisi wajukuu tumekulia kwenye yale magofu kabla hatujajua kwamba watu hupanda ndege kuja kuyaona. Ukubwani nikaja kusoma kwamba mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na mizinga yake, akamlazimisha mtawala wa Kilwa, Amiri Ibrahim, alipe kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile ilifika Lisbon mwaka 1503. Mfalme Manuel I akaagiza itengenezewe chombo cha ibada cha kanisani, kikakamilika 1506. Wenyewe wanakiita Custódia de Belém. Kipo mpaka leo, kwenye Museu Nacional de Arte Antiga, hapo hapo Lisbon, kimewekwa kwenye kioo, mitume kumi na wawili wamepiga magoti. Dhahabu ya kwetu. Nilitaka nisimame mbele yake nikiangalie, basi. Mengine yote, keki za Belém, majumba ya Sintra, picha za kwenye tramu namba 28, nilisema ni ya wenzangu.

Nikawasimulia, wakanielewa. Mwenye duka akasema, "Twende tukaidai."

Kosa letu la kwanza ni kutafuta wakala mtandaoni. Kurasa zake zina picha nzuri, wateja wanapunga pasipoti, maoni chini ni mioyo mitupu. Tukaenda ofisini kwake tukiwa watano. Akatuita "mamaa zangu", akatupa maji ya chupa, akasema Ureno ni nchi rahisi, kazi yote aachiwe yeye: ratiba, hoteli, bima, fomu, kila kitu. Laki sita kila mtu, mbali na ada ya viza na nauli. Jumla milioni tatu tukazihesabu mezani. Risiti akaandika kwa mkono: "ushauri." Neno hilo moja. Mhasibu mzima nikaipokea, nikaikunja, nikatia kwenye pochi. Nacheka nikiandika lakini siyo kicheko cha raha.

Baada ya wiki tano na simu kama thelathini, ratiba ikaja. Kurasa sita, ina nembo yake. Nikaisoma usiku mmoja, na wakuu, naomba mnifuatilie taratibu hapa.

Tulimwambia Ureno. Katuandikia usiku nne Hispania, Madrid na Barcelona, halafu usiku tatu Lisbon. Nilipomuuliza akasema tiketi ya kutua Madrid ilikuwa ya bei nafuu, na "Ulaya ni moja tu dada, ukishaingia umeingia." Sawa. Kutoka Madrid kwenda Lisbon katuwekea treni ya usiku, mnalala mnaamkia Lisbon. Ikanivutia, nikaingia mtandaoni kutafuta picha za mabehewa. Treni hiyo ilisimama Machi 2020 wakati wa korona na haijarudi mpaka leo! Kwa reli sasa unabadilisha treni njiani mara kadhaa na siku nzima inaishia hapo. Ina maana ratiba hii imetoka kwenye kabati la kabla ya korona, kabadilisha majina ya wateja tu.

Barcelona, kanisa la Sagrada Família, kaandika "tiketi mtanunua mlangoni." Pale tiketi hununuliwa mtandaoni, unachagua siku na saa. Tungefika tungeishia kupiga picha kuta za nje.

Lisbon, siku ya kwanza, kapanga tupande lile behewa la mlimani la Glória. Wenye kufuatilia habari mnajua lilivyochomoka Septemba 3, 2025, watu 16 wakapoteza maisha. Dunia nzima ilionyeshwa. Hela zetu tayari anazo, na ratiba ameituma miezi kadhaa baada ya ajali. Sikuweza hata kumkasirikia kwa hilo, nilipata baridi mwilini.

Chakula. Kati yetu watatu tunavaa hijabu, na alituona kwa macho yake. Katuandikia chakula cha mchana "bifana ya asili", ambayo ni mkate wa nyama ya nguruwe, na jioni moja kuonja mvinyo Porto. Na huyo huyo hajui kwamba Lisbon ina msikiti mkuu tangu miaka ya themanini, wala kwamba mtaa wa Martim Moniz migahawa ya halali imepangana. Nimeyapata mwenyewe kwa dakika kumi, kwenye simu, nikiwa daladalani.

Ukurasa wa nne, chini kabisa: "Jioni mtafurahia machweo ya Santorini." Santorini iko Ugiriki, jamani! Ni kisiwa, bahari nyingine kabisa.

Na kwenye kurasa zote sita, lile jumba la makumbusho halimo. Kitu pekee nilichoomba. Badala yake kuna "nusu siku ya manunuzi" kwenye maduka makubwa. Nikampigia. Akasema, "Dada yangu, wateja huwa hawapendi makumbusho, wanachoka." Nikamwambia mimi sichoki, weka. Akaweka. Kaiweka Jumatatu. Makumbusho yale Jumatatu hufungwa. Na siku hiyo hiyo asubuhi kaweka monasteri ya Jerónimos, alikozikwa huyo Vasco da Gama mwenyewe, nayo Jumatatu imefungwa. Yaani ningesafiri kutoka Dar mpaka Lisbon nikaikute dhahabu ya Kilwa nyuma ya mlango uliofungwa, na aliyeichukua naye nyuma ya mlango mwingine.

Nikamrudishia na masahihisho kwa kalamu nyekundu, kama mwalimu. Akajibu kwa sauti ya WhatsApp, sekunde tisa: "Hiyo ni ya viza tu, mkifika mtatembea mnavyotaka."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Sikusimama. Tarehe ya kupeleka maombi ilikuwa keshokutwa, watu wameomba ruhusa kazini, mwenye duka kafunga duka. Tukaenda. Fomu alizijaza yeye, tukasaini. Mimi niliyesoma ratiba yote kwa kalamu nyekundu, fomu nilisaini bila kuigeuza nyuma.

Kumbe kwenye fomu na barua kaandika Ureno usiku saba. Hoteli alizoambatanisha ni Hispania usiku nne, Ureno tatu. Sheria ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, iko wazi: unaomba viza kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, ile utakayoingia kwanza. Kwa karatasi zake mwenyewe, tulitakiwa kuomba Hispania. Isitoshe, hoteli zenyewe alizihifadhi bila kulipa, akachapisha, kisha akazifuta. Mwenye duka alipiga simu moja wapo baadaye kwa Kiingereza chake cha Kariakoo, akaambiwa nafasi hiyo ilifutwa siku ile ile ilipowekwa.

Majibu yamekuja wiki iliyopita. Watano wote tumenyimwa. Karatasi ni ile ya vyumba vya kutia alama, na waliyotia ni mawili: maelezo ya madhumuni na mazingira ya safari hayaaminiki, na kuna mashaka kama tutaondoka kabla viza kuisha. Mimi la kwanza nalikubali kwa shingo upande. Ningekuwa mimi ndiye niko upande wa pili wa dirisha, nikaletewa karatasi zinazosema Ureno, Hispania na machweo ya Ugiriki, nami ningetia alama. La pili ndilo limemliza muuguzi wetu. Ana miaka kumi na saba kazini, watoto watatu, nyumba Mbagala haijaisha kupigwa bati, halafu mtu anaandika kwamba huyu harudi. Kwenda kufanya nini huko, kulala stesheni?

Ada ya viza, yuro 90 tangu Juni 2024, hairudi ukinyimwa. Ni zaidi ya laki mbili na nusu kwa mtu. Hiyo nimeisamehe, ndiyo taratibu, iliandikwa ukutani. Nisiyoisamehe ni milioni tatu za "ushauri".

Nimekwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza akasema ubalozi siku hizi "unabana Waafrika", nikatamani kukubali maana na hilo lina ukweli wake, lakini karatasi mkononi zilikuwa zake. Mara ya pili akasema ada ya ushauri hairudishwi, na kwamba kwa laki mbili tu kila mtu anaweza kutuombea tena, safari hii kupitia Ugiriki. Bila kupepesa. Mezani kwake palikuwa na mzee mmoja na mkewe wanahesabu noti. Nikamwambia yule mzee, baba, usitoe hiyo hela kabla hujaona ratiba. Nikatolewa nje na mlinzi.

Hapa karibu na kwetu, Wareno wametuachia meza, leso, bendera na karata, wakajenga ngome kule Kisiwani mwaka 1505, pale lilipo Gereza la leo, halafu mwaka 1512 wakaondoka zao. Dhahabu hawakuiacha. Sasa mtu wangu, tena jirani wa mtaa wa pili, anamalizia chenji.

NYONGEZA, saa tatu usiku:

Mnaouliza jina lake, silitaji hapa. Nimeshapeleka malalamiko panapohusika na sitaki aje aseme nimemchafulia.

Mkuu uliyesema "si mngeenda Zanzibar tu", Zanzibar nimekwenda mara sita, asante.

Uliyesema tuliambatanisha hoteli za uongo kwa makusudi: hapana, lakini nakuelewa. Sahihi ni zetu. Hilo nimelala nalo siku saba.

Dada uliyeuliza kama tukinyimwa tumefungiwa: hatujafungiwa. Unaweza kukata rufaa, au kuomba upya bila kungoja muda wowote maalumu, ilimradi urekebishe kilichokukosesha. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari mpaka siku kumi na tano kabla. Kwa kawaida jibu huja ndani ya siku 15, ila wanaweza kuvuta mpaka 45, kwa hiyo usisubiri dakika za mwisho. Bima iwe ya kuanzia yuro 30,000. Vidole vyetu walivyochukua vinatumika miezi 59, hivyo hata hapo hatuanzi sifuri. Tiketi ya ndege usiilipie mpaka upate viza, hifadhi nafasi tu. Mwenye biashara ya mkononi kama rafiki yangu wa Kariakoo, anza mapema kupitisha mauzo benki, maana wanachosoma wao ni taarifa ya benki, hawaoni foleni ya wateja dukani. Haya yote yameandikwa bure, na ndiyo tuliyolipia milioni tatu tusiambiwe.

Ratiba mpya nimeshaiandika mwenyewe. Ureno tu, usiku saba, Lisbon tano na Porto mbili, treni ya mchana, mwendo wa kama saa tatu. Sintra siku nzima, tiketi ya jumba la Pena ya saa maalumu. Kodi ya watalii ya Lisbon, yuro 4 kwa mtu kwa kila usiku, nimeitia kwenye hesabu. Makumbusho ni Jumanne, yakifunguliwa tu mlango mimi nipo. Wenzangu wawili wamekubali, mmoja kasema atafikiri, muuguzi kasema hataki tena kusikia neno Ulaya na simlaumu.

Ila kwanza hela. Ijumaa saa nne asubuhi narudi ofisini kwake na ile risiti ya "ushauri", ratiba yenye kalamu nyekundu, na safari hii nakwenda na Bi Mkubwa. Wanaomjua mama yangu kule Kilwa Masoko wanajua yule mlinzi atapata kazi.