MALALAMIKO: Su-34 ya "Syria, Oktoba 2015" yenye alama za uongo na silaha za uongo. Tumechoka!

Wakuu, habari za saa hizi.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nimefungua sanduku la modeli ya plastiki ya Su-34, ndege ya Kirusi ya kudondosha mabomu, skeli ya 1/72, ambalo ubavuni limeandikwa kwa herufi kubwa "Syria, Oktoba 2015". Nililinunua kwa sababu ya maneno hayo. Su-34 ziko nyingi sokoni, mimi nilitaka ile ya Hmeymim, kambi ya ndege za Urusi kule Syria, ya wiki za mwanzo kabisa. Nimelipia sanduku, nimelipia usafiri uliokaribia bei ya sanduku lenyewe, nimelipia ushuru. Ndani nimekuta ndege ambayo haijawahi kuruka popote.

Kampuni siitaji, wala duka. Mchezo huu wanaucheza wengi na nikitaja mmoja uzi utageuka ugomvi wa mashabiki wa kampuni. Nataka tuzungumzie tabia yenyewe.

Anzeni na karatasi ya dikali, yaani alama za kubandika juu ya modeli. Urusi ilianza kushambulia kutoka angani Syria tarehe 30 Septemba 2015. Yeyote aliyezitazama picha za Hmeymim za siku zile anajua kitu cha kwanza kinachogonga macho: nyota nyekundu za jeshi zimefutwa. Zimepakwa rangi juu, na maandishi ya jeshi la anga nayo yamefunikwa. Viraka vinaonekana waziwazi, kwa sababu rangi mpya haikulingana na ile iliyochakaa pembeni yake. Kilichobaki kusomeka ni namba ya ubavuni. Kwa sisi tunaojenga modeli, hapo ndipo penye utamu wote wa ndege ile! Unachanganya rangi yako ya kiraka, unaikoza kidogo, unapiga kwa mkono mwepesi, na mtu akiisogelea ndege mezani anajua papo hapo ni ya wapi na ya lini.

Kampuni imeweka nini? Nyota sita zinazong'aa, mbili za mikia na nne za mabawa, juu na chini. Pamoja nazo, mstari mkubwa wa "ВКС РОССИИ", yaani "VKS ya Urusi".

Jamani. VKS ilizaliwa tarehe 1 Agosti 2015, jeshi la anga lilipounganishwa na ulinzi wa anga za juu. Kabla ya hapo maandishi yalikuwa "ВВС РОССИИ", yaani jeshi la anga la Urusi. Yaani kampuni inataka niamini kwamba ndani ya miezi miwili ndege zilifutwa jina la zamani, zikaandikwa jipya, zikapelekwa Syria, na huko zikawa zinaruka na kila kitu wazi wakati picha za dunia nzima zinaonyesha viraka. Aliyechora karatasi hii hakufungua hata picha moja. Amechukua mchoro wa ndege ya baadaye akabandika mwaka uliokuwa kwenye habari.

Sasa chukueni lenzi muitazame hiyo nyota yenyewe. Nyeupe imetoka nje ya nyekundu upande wa kushoto, upande wa kulia imemezwa. Nyekundu ni nyepesi mno. Nilikata moja nikaijaribu juu ya kipande cha plastiki nilichokipaka ile rangi ya juu ya Su-34, ikageuka kahawia kama kutu. Na kwenye maandishi, upande mmoja herufi И imechapwa sawa, upande wa pili imechapwa N. Karatasi moja, mashine moja, pande mbili tofauti! Halafu nyuma ya sanduku wanajisifu kwamba dikali ni "za ubora wa juu".

Nyota nayo ina historia yake, na wanaifanyia mchezo. Ya Kisovieti ilikuwa nyekundu, pambizo nyeupe, kisha mstari mwembamba mwekundu nje. Mwaka 2010 ikaongezwa buluu ili nyota ibebe rangi tatu za bendera ya Urusi. Namba za usajili zinazoanzia RF nazo ni mambo ya miaka hiyohiyo, hazikuwepo kwenye ndege za Kisovieti. Kwa hiyo nyota, RF na maandishi ukiviweka pamoja vinakwambia ndege ni ya kipindi gani, hata kama umbo la ndege ni lilelile tangu miaka ya themanini. Su-27 ya 1989 na Su-27 iliyokarabatiwa miaka ishirini baadaye, asiyejua atazitofautisha kwa nini kingine? Nimeshakuta sanduku la MiG-29 lenye namba ya RF pamoja na nyota ya Kisovieti, na maelekezo yanasema mwaka 1988. Hiyo ilinipita kwa sababu sikuwa nimelipa mimi. Hii ya sasa nimelipa.

Tuje kwenye silaha, maana hapa ndipo nilipotaka kurusha sanduku dirishani.

Maelekezo yananiambia nining'inize makombora ya kupigana na ndege, R-27 mbili na R-77 mbili, Oktoba 2015. Su-34 za Syria zilianza kuruka zikiwa na makombora ya kupigana na ndege nyingine mwishoni mwa Novemba, na sababu inajulikana na kila mtu: tarehe 24 Novemba F-16 ya Uturuki iliangusha Su-24M, ile yenye namba 83 nyeupe. Siku chache baadaye, tarehe 30, Su-34 zikatoka zimebeba R-73 na R-27, na Warusi wenyewe wakatangaza kwamba ni mara ya kwanza kule Syria. Ndiyo kusema kombora moja chini ya bawa linatenganisha Oktoba na Desemba. R-77 ndiyo kabisa haina kazi hapo. R-77-1 kule Syria tuliiona chini ya Su-35S, na hizo zilifika Januari 2016.

Kama ni Oktoba, nipeni mabomu! Nipeni OFAB-250-270, nipeni BetAB-500 ya kupasua zege, nipeni KAB-500S inayoongozwa kwa setilaiti. Fremu ya vipande vya plastiki ina KAB-500Kr, ile yenye jicho la kioo puani kwa ajili ya kamera, na maelekezo yanaiita KAB-500S. Silaha mbili tofauti, mtoto mdogo akionyeshwa picha anaona kwamba moja ina jicho na nyingine haina.

R-27 nimeipima kwa rula, na naomba hapa mnivumilie kidogo kwa sababu kosa hili liko kwenye masanduku mengi na watu wanalipita tu. R-27R ya kawaida ina urefu wa mita 4.08 na unene wa milimita 230. R-27ER, yenye injini kubwa, ina urefu wa mita 4.78, na sehemu yake ya nyuma ya injini imenenepa hadi milimita 260. Kwa skeli ya 1/72, ya kwanza inatakiwa iwe kama milimita 57 na ya pili kama 66. Karibu sentimita nzima ya tofauti. Kombora lililo kwenye fremu yangu limeandikwa R-27R, lina milimita 66, na unene wake ni uleule kuanzia pua hadi mkia. Kwa hiyo si R wala si ER. Halafu mapezi yake ya katikati. Pezi la R-27 linajulikana duniani kote kwa umbo lake: jembamba kwenye shina, pana nchani. Hawa wameligeuza, pana kwenye shina, jembamba nchani, kama pezi la kombora lingine lolote. Na pua wameweka ya duara yenye kioo, ambayo ni ya R-27T inayofuata joto, wakati R-27R inayofuata rada ina pua iliyochongoka. Kombora moja, makosa matatu, na bado sijafika kwenye reli ya kulishikilia. Reli yenyewe haipo. Kuna kivimbe tu chini ya bawa.

R-77 nayo mapezi yake ya nyuma ni wavu, ndiyo alama yake. Wao wamechapa miraba minne mizito isiyo na tundu hata moja. Najua plastiki ya sindano haiwezi wavu mwembamba hivyo kwa 1/72, na sidai miujiza. Nadai kipande kidogo cha shaba iliyochongwa kwa asidi, ambacho kampuni nyingine zinakitia kwenye masanduku ya bei hiihii.

Na msifikiri ni Su-34 peke yake. Su-25SM ya "Syria" niliyoijenga kabla ya hii ilikuja na makasha ya UB-32, yale ya roketi za S-5 za milimita 57, zama za mababu zetu, badala ya B-8M1 yenye mirija 20 ya roketi za S-8. Bomu limeandikwa FAB-500 M-62, umbo ni la M-54, lile butu lililotengenezwa kubebwa tumboni mwa ndege na si kuning'inia nje kwenye upepo. MiG-31K nayo, sanduku linaonyesha kombora la Kinzhal tumboni na makombora manne ya R-33 tumboni hapohapo. Zitakaa wapi zote? Picha za gwaride la Moscow la tarehe 9 Mei 2018 ziko wazi kwa kila mtu, Kinzhal iko peke yake pale katikati.

Matokeo yake ni nini? Mtu anajenga anachoambiwa. Anajaza piloni zote, yaani vishikio vya silaha, kila kilichomo kwenye fremu kinaning'inia, ndege imepakia kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili asubuhi. Anapiga picha, anaweka mtandaoni, anasifiwa, na picha yake inakuwa ushahidi kwa mjenzi mwingine. Uongo wa kampuni unageuka kuwa "rejea".

Na wale wanaofungua masanduku kwenye video wananiuma zaidi. Dakika ishirini wanasifia mistari ya paneli na kiti cha rubani. Karatasi ya dikali wanaipitisha mbele ya kamera sekunde tatu, "dikali ziko vizuri, tuendelee". Silaha wanasema "kuna silaha nyingi". Nyingi! Hakuna anayegeuza kombora akaliangalia pua. Mistari ya paneli nitaichonga upya mwenyewe ikiwa mibaya. Namba na nyota siwezi kuzichora kwa mkono zikatoka sawa pande zote mbili, na ndiyo maana nalipa.

NYONGEZA: nimesoma majibu yenu.

Mkuu uliyesema "ni mdoli tu, nani ataangalia": nitaangalia mimi, na wataangalia wenzangu. Kama ungekuwa mdoli wasingeandika mwezi na mwaka kwenye sanduku. Wameandika kwa sababu wanajua tarehe ndiyo inayouza. Basi waiheshimu.

Uliyesema nashabikia vita: hapana ndugu yangu. Watu wamekufa chini ya mabomu hayo na sisahau. Ndiyo maana nataka modeli iseme ukweli wa siku ile, yaani mabomu yaliyobebwa kweli na nyota zilizofutwa kweli, kuliko ndege safi ya maonyesho.

Na mdau wa Kampala, pole sana, yako ni mbaya kuliko yangu. Kwa wasioelewa: Uganda ilinunua Su-30MK2 sita, zikapokelewa 2011 na 2012. Mdau anataka kujenga ndege ya jeshi la nchi yake. Duka limemshauri anunue Su-30SM "maana ni ileile". Si ileile! Su-30SM ni ya kiwanda cha Irkutsk, ina mabawa madogo ya mbele karibu na rubani na nozeli (midomo ya injini) zinazogeuka. MK2 ni ya Komsomolsk-na-Amure, haina mabawa hayo, nozeli zake ni za kawaida, na mikia yake imekatwa bapa juu. Akinunua SM atalazimika kukata na kuziba nusu ya ndege, na mwisho wa yote dikali za Uganda hazimo. Mdau, tafuta sanduku la Su-30MKK, ndiyo ndugu wa karibu, usitoe hela kwa SM.

Madai yangu kwa kampuni nimeyaandika kwa barua pepe na nimeambatisha picha za rula. Wabadilishe karatasi ya dikali, au wafute "Oktoba 2015" kwenye sanduku. Wakijibu nitaweka jibu hapa.

Kwa sasa naomba msaada. Kuna mwenye KAB-500S za resini za 1/72, mbili tu? Na OFAB-250-270 sita au nane, hata za sanduku bovu, mradi mapezi ya nyuma hayajavunjika. Nyota sizihitaji, nitapiga viraka. Namba nyekundu za ubavuni ndizo ninazozitafuta, zenye pambizo nyeupe, saizi ya Su-34. Aliye Dar au Zanzibar aje PM aseme bei.