Mke wangu kaandikiwa methotrexate ya baridi yabisi, anaogopa kuinywa

Wakuu, habari za leo. Mke wangu ana miaka 34. Tangu mwaka jana akiamka vidole vya mikono yote miwili vimevimba na kukakamaa, kumfunga mtoto vifungo vya sare ya shule hawezi. Mpaka saa nne ndipo vinalegea. Diclofenac amekunywa sana. Juzi daktari bingwa kampima damu, kasema ni baridi yabisi, akamwandikia methotrexate vidonge sita pamoja na asidi ya foliki. Kasikia ni dawa ya saratani, kaifungia kabatini, sasa anachua mafuta tu. Na mtoto wa pili bado tunamtafuta. Naombeni ushauri.

Mama Tunu: Mpe pole shemeji. Mimi naumwa huo ugonjwa na dawa ndiyo hiyo hiyo. Wa saratani wanapewa dozi kubwa mno, sisi kidogo tu, ya kutuliza kinga ya mwili inayoshambulia viungo vyetu wenyewe. Asikate tamaa mapema, nafuu huchukua wiki 6 hadi 12. Mafuta achue, yanapooza, lakini viungo vinaendelea kuharibika ndani kwa ndani. Diclofenac nayo ni hivyo hivyo.

Mfamasia wa Kata: Mkuu, subiri kwanza. Daktari anajua mnatafuta mtoto? Methotrexate huharibu mimba na kulemaza kichanga tumboni. Asianze kabla ya kupima ujauzito na kuongea na daktari. Zipo dawa nyingine, kama sulfasalazine na hydroxychloroquine, ambazo mjamzito anaweza kutumia.

Akija kuitumia siku za mbele, vidonge vyote sita ni vya WIKI NZIMA, vinanywewa siku moja tu ya wiki. Chagueni siku, iandikeni kwenye boksi. Watu wamekufa kwa kuinywa kila siku. Asichanganye na Septrin, hata akiandikiwa kwa kikohozi, aseme anatumia nini. Pombe aache. Damu na ini vipimwe mara kwa mara. Akipata homa au vidonda mdomoni, hospitali siku hiyo hiyo.

Mleta uzi: Asanteni sana. Habari ya mtoto hatukuulizwa wala hatukuisema. Kesho tunarudi kliniki. Je, akibadilishiwa dawa, hizo nyingine nazo zinachelewa?

Mama Tunu: Zinachelewa pia. Mwombeni daktari kitu cha kumshikilia hapo katikati.