Moshi wa nyaya kila alfajiri na mwanangu ana pumu, nifanyeje? (Tanga)

Mama_Makorora: Habari za jioni jamani. Mwanangu ana miaka 4, ana pumu. Nyuma ya ukuta wetu kuna watu wa chuma chakavu wanachoma nyaya wapate kopa, tangu saa kumi na moja alfajiri. Kanga nikianua kwenye kamba ina vidoa vya masizi vinanata, na mtoto anaamka kifua kinapiga filimbi. Natundika shuka la maji dirishani, bado. Nimewafuata mara mbili kwa upole, wanasema nao wanatafuta riziki. Kuhama siwezi, kodi nimelipa miezi sita.

Baharia wa Sahare: Pole sana dada. Saa hiyo ndiyo mbaya. Hewa ya baridi imelala chini, upepo hakuna, moshi haupandi, unatambaa kwenye mabati. Sisi tukiwa majini tunauona, utando wa kijivu juu ya mji, mpaka matlai ivume. Dirisha la upande ule lifunge usiku, fungua jua likishapanda.

Nesi_TA: Shuka halisaidii, mama. Chembe zinazoumiza hazionekani, ziko chini ya mikromita 2.5, zinapita kwenye kitambaa hadi ndani ya mapafu. Na plastiki ya waya ikiungua inatoa gesi ya asidi inayobabua njia ya hewa. Anatumia pampu gani? Ya bluu inafungua kifua akibanwa tu. Anayebanwa kila alfajiri, muulize daktari kuhusu ile ya kuzuia, ya kila siku. Tena usimpulizie kinywani moja kwa moja, umri huo dawa inaishia kooni. Toboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, chomeka pampu, bonyeza mara moja, avute taratibu kwenye mdomo wa chupa mara tano. Ukiona mbavu zinaingia ndani akihema, au anashindwa kuongea, usingoje kuche. Hospitali.

Mzee wa Chumbageni: Kwa upole umeshakwenda, inatosha. Andika tarehe na saa za moshi, piga picha kanga, peleka barua kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa afisa afya wa kata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu 2004. London, Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ulituama siku tano, wakafa maelfu, ndipo 1956 wakatunga sheria ya hewa safi. Sisi yetu tunayo tayari.

Kijana wa Duga: Na wewe unapikia nini dada?

Mama_Makorora: Mkaa. Mvua ikinyesha nauingiza ukumbini, anapolala. Sikuwahi kuufikiria, nitautoa. Pampu anayo ya bluu tu, na mwaka mzima nampulizia kinywani. Kesho nampeleka kliniki. Chupa nimeshatoboa.